Maisha ya George Gamow: Funzo kwa Mwalimu wa Hesabu na Sayansi

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hutakiwa kila siku kufundisha mambo asiyoweza kuyaonyesha kwa kidole. Hawezi kumwonyesha mtoto chembe za maji zikipanda angani kutoka dimbwini, wala chumvi zikifyonzwa na mzizi wa mhindi, wala moto ulioko ndani ya Jua. Mbele ya mambo ya namna hii aghalabu mwalimu hushika njia moja tu: huandika maelezo ubaoni, wanafunzi huyanakili, na siku ya mtihani huyarudisha kama walivyopewa. Mtoto aliyefundishwa hivyo huondoka shuleni akidhani kwamba sayansi ni maneno ya kukariri yaliyotolewa na watu wakubwa wa mbali.

Ipo njia nyingine, nayo ni ya kukadiria. Asiyeweza kuhesabu punje zote za mahindi ghalani aweza kuhesabu zilizomo katika kopo moja, kisha akahesabu makopo, akapata jibu lililo karibu na kweli. Kwa njia kama hiyo wanasayansi wameweza kujua yanayotendeka ndani ya nyota, mahali ambapo hapana mtu aliyefika.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya George Gamow, mwanafizikia aliyefariki mwaka 1968. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ndiye aliyetoa ufunguo wa kukadiria kasi ya mimenyuko ya viini vya atomi ndani ya nyota. Pili, aliwaeleza watu wa kawaida mambo magumu kwa namna ambayo mwalimu yeyote aweza kujifunza kwayo. Baada ya kueleza maisha yake tutapendekeza mazoezi ya darasani.

Utoto na masomo

Gamow alizaliwa tarehe 4 Machi, 1904, katika mji wa Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi iliyokuwa wakati huo ndani ya Dola ya Urusi, na ambayo leo imo katika nchi ya Ukraine. Alitoka katika nyumba ya walimu. Baba yake alifundisha lugha na fasihi ya Kirusi, na mama yake alifundisha jiografia na historia katika shule ya wasichana. Mama alifariki George akiwa na umri wa miaka tisa. Miaka ya ujana wake ilikuwa miaka ya vita kuu, ya mapinduzi, na ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, hata masomo yakakatizwa mara nyingi. Hata hivyo, alipotimiza miaka 13 baba yake alimpa darubini ndogo, na kijana akaanza kuzitazama nyota.

Mwaka 1922 aliingia chuo kikuu cha Odessa, na baada ya muda mfupi akahamia Petrograd, mji ulioitwa Leningrad tangu mwaka 1924 na ambao leo waitwa Saint Petersburg. Huko alimkuta mwanahisabati Alexander Friedmann, ambaye alikuwa ameonyesha kwamba milinganyo ya Einstein yaruhusu ulimwengu unaotanuka. Gamow alitamani kufanya utafiti chini yake, lakini Friedmann alifariki mwaka 1925, na mwanafunzi akalazimika kutafuta njia nyingine. Pamoja na rafiki zake, Lev Landau na Dmitri Ivanenko, alijisomea majarida ya fizikia mpya iliyokuwa ikizaliwa Ujerumani na Denmark. Vijana hao hawakungoja mihadhara. Walisoma, wakabishana, wakasahihishana.

Swali la Jua

Kabla ya kuendelea hatuna budi kueleza swali lililokuwa likiwasumbua wataalamu wakati huo. Jua hutoa joto mchana na usiku bila kupungua. Lingekuwa donge la makaa ya mawe, lingekwisha kuungua katika maelfu machache ya miaka. Lingekuwa linapata joto kwa kujikunja tu, lingedumu makumi machache ya mamilioni ya miaka. Lakini miamba ya dunia ilionyesha kwamba dunia yenyewe ina umri mkubwa kuliko huo. Leo twajua kwamba Jua lina umri wa miaka ipatayo bilioni 4.6, na bilioni moja ni milioni elfu moja.

Mwaka 1920 mwanafalaki wa Uingereza, Arthur Eddington, alitoa wazo. Viini vinne vya haidrojeni vikiungana kuwa kiini kimoja cha heliamu, uzito wa heliamu hiyo ni pungufu kwa sehemu kama 7 katika 1,000 kuliko uzito wa haidrojeni iliyoifanya. Kwa mujibu wa Einstein, kilichopungua hakikupotea bali kimegeuka kuwa nishati. Kwa hesabu hiyo Jua lingeweza kuwaka kwa mabilioni ya miaka.

Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na kikwazo. Kiini cha haidrojeni, yaani protoni, kina chaji chanya ya umeme, na chaji zinazofanana hufukuzana. Ili protoni mbili zigusane, hazina budi kuushinda msukumano huo, ambao twaweza kuufananisha na ukuta mrefu. Katikati ya Jua halijoto ni digrii zipatazo milioni 15. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwetu, lakini protoni ya kawaida ya huko ina nishati iliyo pungufu mara mamia kadhaa kuliko ile inayotakiwa kuupanda ukuta. Wanafizikia waliokuwa wakihesabu kwa kanuni za zamani walisema kwamba nyota hazina joto la kutosha. Hata hivyo nyota zilikuwa zikiwaka.

Ukuta unaopenyeka

Katika majira ya joto ya mwaka 1928 Gamow, akiwa na umri wa miaka 24, alipelekwa kusoma kwa muda Göttingen, Ujerumani. Wataalamu wengi wa hapo walikuwa wakishughulikia atomi na molekuli. Yeye aliona afadhali aende mahali pasipo na msongamano, akachagua kiini cha atomi. Katika maktaba alisoma makala ya Ernest Rutherford yaliyoeleza jambo la ajabu. Chembe ziitwazo alfa, zenye nishati kubwa, zilipotupwa kwenye kiini cha urani, zilishindwa kuingia. Lakini urani yenyewe ilikuwa ikitoa chembe za alfa zenye nishati ndogo zaidi. Inawezekanaje aliye dhaifu atoke mahali ambapo mwenye nguvu ameshindwa kuingia?

Gamow alitambua kwamba fizikia mpya ya kwanta ilikuwa na jibu. Mpira wa mtoto ukirushwa ukutani hurudi kila mara. Lakini chembe ndogo kama alfa au protoni ina tabia ya wimbi, na wimbi haliishi ghafla kwenye ukuta. Hufifia ndani yake, na sehemu ndogo hutokea upande wa pili. Maana yake ni kwamba chembe ina bahati ndogo ya kuupenya ukuta bila kuupanda. Bahati hiyo yaweza kuhesabiwa. Hesabu yake ilieleza kwa nini madini mengine ya mnururisho hupungua nusu kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na mengine kwa mabilioni ya miaka: nishati ya chembe ikiongezeka kidogo, bahati ya kupenya huongezeka mno. Mwaka uo huo Ronald Gurney na Edward Condon, waliokuwa Princeton, Marekani, walifikia jibu hilo hilo wakiwa peke yao.

Niels Bohr alimpatia Gamow fedha za kukaa mwaka mmoja Copenhagen, kisha akaenda Cambridge kwa Rutherford. Huko makadirio yake yalizaa tunda. John Cockcroft alitaka kupasua kiini cha atomi kwa protoni, na ilidhaniwa kwamba ingehitajika mashine ya volti milioni nyingi, ambayo hapana aliyeweza kuijenga. Hesabu ya Gamow ilionyesha kwamba volti laki kadhaa zingetosha, kwa kuwa baadhi ya protoni zingepenya. Mwaka 1932 Cockcroft na Ernest Walton walivipasua viini vya lithi kwa mashine ya namna hiyo.

Umati na wastani

Sasa twafika kwenye kiini cha makala haya. Mwaka 1929 Robert Atkinson, Mwingereza, na Fritz Houtermans, rafiki wa Gamow wa Göttingen, walilichukua wazo lake wakalipeleka ndani ya nyota. Walijiuliza: ikiwa kila protoni ina bahati ndogo ya kupenya, na protoni ni nyingi kiasi kisichosemeka, je, mimenyuko mingapi itatokea kwa sekunde?

Kujibu swali hilo waliunganisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba protoni ndani ya nyota hazina mwendo mmoja. Nyingi zina mwendo wa kadiri, chache zaenda mbio, na chache sana zaenda mbio mno. La pili ni ile bahati ya Gamow, ambayo huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Jambo moja hupungua, jingine huongezeka, na idadi ya mimenyuko ni zao la mawili hayo.

Tutumie mfano. Tarakimu zifuatazo si za Jua. Tumezitunga sisi kwa ajili ya zoezi tu. Tuseme tuna makundi matano ya chembe, kuanzia zile za polepole hadi zile za mbio kabisa:

Kundi A: chembe 100,000, bahati ya kupenya ni 1 katika 100,000, zinazopenya ni 1.
Kundi B: chembe 10,000, bahati ni 1 katika 1,000, zinazopenya ni 10.
Kundi C: chembe 1,000, bahati ni 1 katika 50, zinazopenya ni 20.
Kundi D: chembe 100, bahati ni 1 katika 10, zinazopenya ni 10.
Kundi E: chembe 10; bahati ni 1 katika 2; zinazopenya ni 5.

Jumla ya chembe ni 111,110, na zilizopenya ni 46. Kundi A, lenye chembe tisa katika kila kumi, limetoa chembe moja tu. Kundi E, lenye chembe zenye uwezo mkubwa kuliko zote, limetoa tano, kwa kuwa ni chache mno. Kazi kubwa imefanywa na makundi ya katikati, na hasa kundi C. Mtu angechukua mwendo wa wastani wa chembe zote akauhesabia bahati yake, angeamua kwamba karibu hapana kitu kinachotokea. Ndivyo walivyokosea waliosema kwamba nyota hazina joto la kutosha.

Katika Jua mambo ni hivyo hivyo. Protoni zinazoungana kwa wingi zaidi ni zile zenye nishati ipatayo mara tatu ya wastani, na wanasayansi wameliita eneo hilo kilele cha Gamow. Hata hapo bahati ni ndogo sana: protoni moja katikati ya Jua hungoja kwa wastani miaka inayokaribia bilioni 10 kabla ya kuungana na nyingine. Lakini kwa kuwa protoni hazina idadi, Jua hugeuza tani zipatazo milioni 600 za haidrojeni kuwa heliamu kila sekunde. Na hapa pana jambo ambalo wanafunzi hulipenda: tukilinganisha kilo kwa kilo, mwili wa mtoto aliyeketi darasani hutoa joto kuliko Jua mara elfu kadhaa. Jua ni moto wa polepole sana. Ukubwa wake ndio unaolifanya liwake jinsi tunavyoliona, na upole wake ndio unaolifanya lidumu.

Mwanasayansi hawezi kusema ni protoni ipi itakayoungana leo. Aweza tu kusema ni ngapi zitakazoungana. Huo ndio msingi wa makadirio yote ya kitakwimu.

Kuondoka kwao

Gamow alirudi Urusi ya Kisovieti mwaka 1931. Alipokewa kwa heshima, na mwaka 1932 alichaguliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Chuo cha Sayansi akiwa na miaka 28. Lakini serikali ilikuwa imeanza kubana safari za wanasayansi, na nadharia mpya za fizikia zikaanza kupimwa kwa itikadi badala ya kupimwa kwa majaribio. Alinyimwa ruhusa ya kwenda Roma, mwaka 1931, kwenye mkutano wa fizikia ya kiini ambao yeye alikuwa amealikwa kuzungumza.

Mwaka 1931 alimwoa Lyubov Vokhmintseva, mwanafizikia. Mwaka 1932 wawili hao walijaribu kuvuka Bahari Nyeusi kutoka Krimea hadi Uturuki, safari ya kilometa zipatazo 250, kwa mtumbwi mdogo wa kupiga kasia. Hali ya hewa ilichafuka, bahari ikawarudisha. Jaribio jingine la kutokea upande wa kaskazini halikufaulu pia. Hatimaye, Oktoba 1933, Gamow aliruhusiwa kuhudhuria mkutano wa Solvay mjini Brussels. Alishikilia kwamba mkewe naye apewe pasi, akafaulu, na hawakurudi tena.

Wasomaji wasidhani kwamba hofu yao ilikuwa ya bure. Houtermans, yule aliyekuwa wa kwanza pamoja na Atkinson kukadiria mimenyuko ya nyota, alihamia Urusi ya Kisovieti mwaka 1935 akiukimbia utawala wa Hitler. Mwaka 1937 alikamatwa huko, na mwaka 1940 akakabidhiwa mikononi mwa polisi wa Hitler. Aliokoka, lakini kwa taabu. Landau naye alifungwa mwaka mzima, kuanzia 1938. Mwaka uo huo wa 1938 Gamow alifutwa uanachama wa Chuo cha Sayansi. Alirudishiwa mwaka 1990, miaka 22 baada ya kufa kwake.

Kazi yake Marekani

Mwaka 1934 Gamow alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha George Washington, mjini Washington. Aliomba mambo mawili: aletewe mwenzake wa kujadiliana naye, na chuo kishirikiane na taasisi ya Carnegie kuandaa mkutano mdogo wa wanafizikia kila mwaka. Mwenzake akawa Edward Teller, aliyefika mwaka 1935. Mkutano wa mwaka 1938 ulikuwa juu ya nishati ya nyota. Mmoja wa waliohudhuria alikuwa Hans Bethe, ambaye hakuwa mtaalamu wa nyota. Mwaka huo Bethe, pamoja na Charles Critchfield, mwanafunzi wa Gamow, walieleza hatua ambazo protoni hupita hadi kuwa heliamu. Na mwaka 1939 Bethe akaeleza njia nyingine inayosaidiwa na kaboni na naitrojeni. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1967. Gamow mwenyewe hakuipata kamwe.

Makadirio hayo yamepimwa baadaye. Hatua ya kwanza ya kuungana kwa protoni mbili katika Jua ni ya polepole mno hata haijapata kupimwa katika maabara kwa nishati za Jua. Hujulikana kwa hesabu. Hata hivyo Jua hutoa chembe ziitwazo nyutrino, na mwaka 2014 wataalamu walio chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, walitangaza kwamba wamezinasa nyutrino za hatua hiyo hiyo ya kwanza. Idadi yake ililingana na iliyokadiriwa.

Gamow alikadiria mambo mengine pia, na hakufaulu katika yote. Mwaka 1948, pamoja na mwanafunzi wake Ralph Alpher, alitoa makala yaliyosema kwamba elementi zote zilitengenezwa katika dakika za kwanza za ulimwengu. Kwa mzaha aliongeza jina la Bethe, ili majina matatu yafanane na herufi za kwanza za Kigiriki: alfa, beta, gama. Kuhusu heliamu wazo lilithibitika. Kuhusu elementi nzito lilianguka. Mwaka 1957 Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walionyesha kwamba nyingi ya hizo hupikwa ndani ya nyota. Alpher na Robert Herman, wakiendeleza kazi hiyo, walikadiria mwaka 1948 kwamba joto lililosalia la mwanzo wa ulimwengu lingekuwa digrii zipatazo 5 juu ya sifuri kamili. Lilipogunduliwa, mwaka 1965, lilikutwa karibu digrii 3.

Baada ya muundo wa DNA kujulikana, mwaka 1953, Gamow aliuliza swali la hesabu ya darasa la nne. Herufi za DNA ni nne, na asidi za amino zinazojenga protini ni 20. Neno liwe na herufi ngapi? Herufi mbili zatoa maneno 4 × 4, yaani 16, ambayo hayatoshi. Herufi tatu zatoa 4 × 4 × 4, yaani 64, ambayo yatosha. Mpango kamili alioupendekeza haukuwa sahihi, lakini neno lilithibitika kuwa la herufi tatu. Huyu alikuwa mtu aliyekubali kusema kadirio lake waziwazi ili wengine waweze kulipima.

Gamow mwalimu

Kuanzia mwaka 1938 Gamow alichapisha katika jarida la Uingereza liitwalo Discovery hadithi za Bwana Tompkins, karani wa benki anayehudhuria mihadhara ya fizikia, akasinzia, na kuota. Katika ndoto moja yuko katika mji ambamo mwendo wa nuru ni mdogo sana, hata mpanda baiskeli aonekana amebanwa kuwa mwembamba. Gamow hakubadili kanuni za fizikia. Alibadili kipimo kimoja tu, ili jambo lisiloonekana liletwe mtaani. Hadithi hizo ziligeuka kuwa vitabu, na mwaka 1956 UNESCO ilimpa Tuzo ya Kalinga kwa kueneza sayansi kwa watu wote. Mwaka huo alihamia Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, ambako alifariki tarehe 19 Agosti, 1968, akiwa na umri wa miaka 64.

Wenzake walijua kwamba tahajia yake ilikuwa mbovu na kwamba hakuwa hodari wa kukokotoa tarakimu. Mwalimu ambaye angempima kwa imla na hesabu za haraka tu angemweka miongoni mwa wanafunzi wa kadiri, akamwacha hapo.

Mazoezi ya darasani

Tunapendekeza mazoezi matatu kwa darasa la sita na la saba.

Zoezi la kwanza ni la vizibo vya soda. Kizibo kikirushwa huanguka kifudifudi au chali, lakini pande zake hazifanani, na hapana kitabu kitakachomwambia mwalimu bahati ya kila upande. Kila mwanafunzi arushe kizibo mara 20, na matokeo ya wote yajumlishwe ubaoni. Hapo darasa litakuwa limepata kadirio lake lenyewe. Kisha wanafunzi wote wasimame, warushe kwa pamoja, na ambao vizibo vyao vimeanguka chali waketi. Kabla ya kila mzunguko waandike ni wangapi watakaobaki wamesimama, kisha wahesabu. Wataona kwamba hawawezi kutaja ni nani atakayebaki, lakini waweza kukaribia idadi. Wataona pia kwamba makadirio huwa mazuri watu wakiwa wengi na hukosea zaidi wakiwa wachache. Mwalimu asilifiche jambo hilo, kwa maana ndilo somo lenyewe.

Zoezi la pili ni lile la makundi matano tuliloeleza hapo juu. Wanafunzi wapewe safu ya chembe na ya bahati, watafute wenyewe zinazopenya, kisha wachore grafu. Mwalimu aulize kwanza ni kundi gani litakalotoa nyingi, na ayaandike majibu yote ubaoni, hata yaliyo mbali na kweli.

Zoezi la tatu ni la mwalimu mwenyewe. Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tumekuta daftari nyingi za maendeleo ambamo wastani wa darasa umeandikwa kwa wino mwekundu, na chini yake hapana maelezo mengine. Lakini darasa ambalo kila mtoto amepata 50 na darasa ambalo nusu wamepata 20 na nusu 80 yana wastani mmoja. La kwanza lahitaji somo moja. La pili lahitaji masomo mawili tofauti. Mwalimu anayefundisha wastani huenda akawa hafundishi mtoto yeyote. Achore mgawanyo wa alama, atazame watoto wako wapi, ndipo apange kazi ya wiki ijayo.

Hitimisho

Gamow hakuwahi kuifikia nyota. Alipewa darubini ndogo na baba mwalimu, akajifunza kuuliza bahati ni kiasi gani na wahusika ni wangapi, akalipata jibu ambalo wastani ulikuwa umelificha. Mwalimu aliye na vizibo 40 na kipande cha chaki aweza kuwafikisha wanafunzi wake kwenye mlango huo huo.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini protoni zenye mwendo mkubwa kuliko zote si zile zinazotoa mimenyuko mingi?
2. Tofautisha kadirio na kubahatisha. Toa mifano miwili kutoka mazingira ya shule.
3. Mwanafunzi ametoa kadirio lililo mbali na jibu. Eleza hatua ambazo mwalimu atazichukua ili mwanafunzi huyo asikate tamaa ya kukadiria tena.
4. Chukua alama za darasa ulilofundisha katika mazoezi. Onyesha jambo moja ambalo wastani wake unalificha.